Macho mekundu ya jirani

Mtoto alipoanza kutapika usiku ule, mama yake alikumbuka jambo moja tu: ndizi mbivu aliyopewa jioni na bibi wa jirani. Kulipokucha akambeba mgongoni, akashuka naye hadi zahanati. Mtoto akapimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa ya mseto, na yote yakaandikwa katika daftari la shule wanalotumia nyumbani kwao kwa matibabu. Siku ya nne alikuwa anakimbiza kuku uani.

Kwa hiyo mama alijua. Daftari lilikuwa chini ya godoro lake, na kusoma anajua, kwani ni mwanakwaya na ndiye anayewaandikia wenzake nyimbo. Lakini kisimani walipomuuliza hali ya mtoto, alijibu: "Amepona, Mungu ni mwema. Mimi sisemi kitu, ila ndizi ile ilitoka kwa fulani." Akajitwisha ndoo yake, akapanda kilima.

Hakurudia tena maneno hayo. Hapakuwa na haja, kwa sababu wengine waliyarudia kwa niaba yake. Mmoja alikuwa na ng'ombe aliyekufa, mwingine ana binti asiyeolewa, na wote walikuwa wakitafuta mahali pa kuyaweka machungu yao. Bibi mjane, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu, alifaa sana. Wekundu ule wa macho si fumbo. Ukiinamia mafiga na kuni mbichi kwa miaka hamsini, katika jiko lisilo na dirisha, nawe utakuwa nayo. Nusu ya wanawake waliokuwa wakimnong'ona watayapata hayohayo wakifika umri wake.

Mwaka uliofuata kamchape wakaitwa kijijini. Huko Muyama, na katika Buhigwe yote, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, hakuna asiyejua neno hilo. Sehemu nyingine za nchi watu wa namna hiyo huitwa lambalamba. Si jambo jipya: miaka ya 1930 walivuma upande wa Nyasa, na miaka ya 1960 walikuwa wamefika Ufipa. Jina lao lilitokana na neno la huko lenye maana ya kufua nguo, maana waliahidi kuusafisha uchawi. Wanaposafisha, huacha nyumba zimebomolewa.

Kila kaya ilichangishwa fedha, na waliotoa walikuwemo wazee wa kanisa. Kwa bibi pakachimbwa, pembe ikaonyeshwa juu, kelele zikapigwa. Jioni ile vijana waling'oa mabati ya nyumba yake. Mama mwanakwaya hakushika hata jiwe. Alifunga mlango wake, akakaa ndani na watoto, na kwa muda mrefu alijihesabu miongoni mwa wasio na hatia. Usiku bibi aliondoka na kifurushi, akaenda kwa binti yake Kasulu mjini.

Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na inayotumika hadi leo, humtia hatiani hata anayemsingizia mwenzake uchawi. Lakini polisi gani atalikamata neno "sisemi kitu"?

Jumapili moja mwinjilisti alifundisha Mathayo sura ya 7, juu ya mtu anayeona kibanzi katika jicho la ndugu yake huku boriti imo katika jicho lake mwenyewe. Aliyesema hayo alilelewa na seremala. Bila shaka alijua vumbi la mbao linavyochoma jicho. Waumini walicheka kidogo, kama wanavyocheka siku zote mahali pale. Mama mwanakwaya hakucheka. Alikuwa anafikiria daftari chini ya godoro.

Baada ya ibada mzee mmoja aliuliza swali ambalo Wakristo wengi huliuliza: kama hatuhukumu, basi tunyamazie maovu? Mwinjilisti akawafungulia Mathayo 18, pale ambapo Yesu anaagiza kwamba ndugu akikukosea umwendee, wewe na yeye peke yenu kwanza. Kisha akauliza ni nani kijijini aliyewahi kuvuka njia na kumwuliza yule bibi jambo lolote, uso kwa uso. Kanisa lilikaa kimya. Kutoka mlango wa mama mwanakwaya hadi ule wa bibi hazikufika hatua arobaini, naye alikuwa amezunguka kupitia kisimani.

Ilimchukua miezi miwili zaidi kupata ujasiri. Alipanda gari la asubuhi kwenda Kasulu, akiwa na mtoto, debe la maharage na lile daftari. Alikusudia kumwonyesha bibi ukurasa wenye neno malaria, ingawa bibi hajui kusoma.

Alimkuta amekaa kibarazani, amekonda. Walisalimiana kwa Kiha, salamu zile ndefu za kuulizana hali ya kila mtu. Bibi alimvuta mtoto, akampapasa kichwa, akasema amerefuka. Mama alitoa daftari, akaeleza yote: homa, kipimo, kisimani. Aliongea huku anatazama chini. Alipomaliza, bibi hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alikaa akimtazama mtoto aliyekuwa anachezea kifuniko cha debe.

"Na migomba yangu, mwanangu," aliuliza mwisho, "siku hizi nani anakata ndizi zangu?"

Mama alilikunja daftari, akalikunjua tena. Migomba ile inapakana na jiko lake.

"Ni mimi, bibi," alisema.