Kuhamia Vyumba Viwili Kariakoo

Waalimu kadhaa wa mashambani wametuuliza jinsi watu wakaavyo mjini siku hizi, maana wao nao wamekwisha kupata barua za uhamisho. Basi twaona yafaa kueleza habari za makao yetu mapya, tusizidishe wala tusipunguze.

Twalitoka Muheza wakati wa machungwa, sisi na mke wetu na watoto watatu. Njia yapita Hale na Segera, kisha Mkata, daraja la Wami na Chalinze, hata Kibaha. Na tangu hapo nyumba hufuatana wala haziishi. Vyombo vyetu havikujaza hata nusu ya lori dogo, kwa kuwa vingi twaliviacha kwa ndugu. Kuku walibaki, na mtungi mkubwa ulibaki. Kinu nacho kilibaki, maana atwangaye ghorofani humtwanga jirani aliye chini yake.

Kariakoo ni sehemu ya zamani ya Dar es Salaam. Jina lake latoka katika vita vya mwaka 1914 hata 1918. Waingereza walipokwisha kuutwaa mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, walioitwa Carrier Corps, walipiga kambi pale; watu wakalitamka jina lile kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Baadaye mahali pale palijaa nyumba za Kiswahili. Katika hesabu ya mwaka 1967 mji mzima ulikuwa na watu 272,821. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Viwanja vya Kariakoo havikuweza kuongezeka, basi nyumba zimepanda juu. Penye nyumba moja ya bati sasa pana jengo la ghorofa sita au kumi, chini maduka, juu watu.

Fleti yetu iko ghorofa ya nne, na ngazi zake ni 72. Watoto walizihesabu siku ya kwanza. Ina vyumba viwili, choo cha ndani, jiko ambalo watu wawili hawapishani, na kibaraza chembamba cha kuanikia nguo. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita mbele, na dalali akataka ya mwezi mmoja juu yake. Wavulana hulala sebuleni juu ya godoro linalokunjwa alfajiri, na binti yetu hulala nyuma ya pazia. Umeme hununuliwa kwa LUKU, kidogo kidogo, nao ukikatika pampu husimama na maji hayapandi. Kwa hiyo tumejifunza kuwa na madumu manne yaliyojaa daima.

Lakini twataka kusema neno ambalo hatukulitazamia. Udogo wa vyumba si taabu kubwa. Wazee wetu waliokuja mjini zamani walipanga chumba kimoja tu. Ila nyumba ya Kiswahili ilikuwa na vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, ua nyuma, na baraza mbele. Mpangaji alilala katika chumba chake, akapika na kufua uani pamoja na wenzake, na jioni akaketi barazani akiamkiana na wapita njia. Hata asiyetaka kujulikana alijulikana. Fleti imetupa choo chetu na jiko letu, na hiyo ni neema kweli. Lakini imeondoa ua na baraza. Kila mtu hupanda ngazi, hufungua kufuli la mlango wake wa nondo, akaingia, akafunga.

Jambo hili alituonyesha mama yetu mzazi. Alikuja kutibiwa macho Muhimbili, akakaa nasi. Twalimpa kitanda chetu, na mke wetu alimhudumia vema. Siku ya tisa akatuambia, "Wanangu, hapa sikukosa chakula wala malazi, lakini tangu nije sijaamkiwa na mtu asiyekuwa wa nyumba hii." Tulinyamaza, kwa maana sisi wenyewe hatukujua hata jina la aliyekaa mlango wa pili.

Kesho yake akachukua kigoda chake, akaketi pale ngazi zipindapo, penye nafasi kidogo, akaanza kuchambua mchicha. Apitaye hakuweza kumpita mzee kimya. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Watoka wapi wewe, na mama yako hajambo?" Haukwisha mwezi akajua watu wa ghorofa zote: Mpemba mwenye duka la vitambaa, wasichana wawili wa chuo kutoka Mbeya, familia ya Kihindi iliyokaa pale miaka mingi kuliko wote, na mzee mmoja wa Rufiji aliyekaa peke yake ghorofa ya tatu.

Mzee huyo alikuwa akishuka kila alfajiri kwenda msikitini, na mama yetu, aamkaye mapema, aliujua mshindo wa fimbo yake. Asubuhi moja hakuusikia. Akatuamsha. Twalishuka pamoja na yule Mpemba, tukapiga hodi, tukamkuta ameanguka mlangoni, hawezi kusema. Vijana walimshusha juu ya kiti hata chini. Aliishi siku mbili hospitalini, na mwanawe akawahi kutoka Rufiji, akamshika mkono ungali na joto.

Ndipo tukaona tena jinsi jengo lisivyo na ua. Msiba utakaa wapi? Basi majirani walifungua milango. Wanawake walikaa katika fleti tatu za ghorofa ile, wanaume wakapanga viti katika kichochoro chini ya turubai, wali ukapikwa katika majiko matano madogo ukashushwa kwa masufuria. Sisi Wakristo tulibeba maji na viti, nao wenzetu Waislamu wakamzika kwa taratibu zao. Tangu siku ile hakuna mlango katika ngazi zetu ambao hatumjui mwenyewe.

Kwa ninyi mnaokuja kuhamia mjini, twatoa shauri letu. Kwanza, panda ngazi mwenyewe kabla ya kulipa, ufungue bomba asubuhi na jioni, uone kama maji yafika. Pili, pima mlango na kitanda kwa kamba moja. Tatu, tazama nguzo na kuta, na uulize kama kuna wanaochimba chini ya jengo au kuongeza ghorofa juu. Mnakumbuka jengo la Kariakoo lililoanguka tarehe 16 Novemba 2024, likaua watu zaidi ya 20. Nne, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe, usingoje shida ikupeleke. Tano, katika juma lako la kwanza gonga milango ya kulia na ya kushoto, useme jina lako na utokako. Wengine watashangaa, wachache watakukaribisha ndani.

Mama yetu amerudi Muheza, macho yake yamepata nafuu. Kigoda hakukichukua. Mke wetu hukikalia jioni, na mara nyingi hukuta mtu mwingine amekwisha kutangulia kukaa. Wasalimuni watoto, na anayehamia Kariakoo asikose kupiga hodi kwetu. Nafasi ya godoro moja ingaliko.