Shimo la hatua sita

Baba alibeba mifuko ya wacheza gofu mjini kwa miaka mingi, lakini yeye hakuwahi kucheza mashimo yote 18. Alipoacha kazi alichimba shimo moja uani kwetu Chamazi, akazamisha kopo la maziwa ya unga. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108. Lake linakaribiana nalo. Kutoka mlangoni ni hatua sita tu. Nikacheka. Nikapiga mara saba, na mara zote mpira uliishia mtaroni.

“Mama, unaangalia shimo. Angalia ardhi,” akaniambia.

Kumbe ua unateremka, ila huoni mpaka mvua inyeshe.

Mimi naandika habari za afya. Kila mara nawakumbusha wasomaji kuwa shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Baba mwenyewe hajapima miaka mingi: “Mbona sijisikii vibaya?” Siku ile nikamrudishia maneno yake: “Baba, na wewe unaangalia shimo.”

Alinyamaza, akaegemeza fimbo ukutani. Jumatatu tulikwenda zahanati. Kipimo kilisoma 170 kwa 100.

Sasa anameza dawa kila asubuhi. Mimi shimo bado nalikosa.