Maji na Umeme Wapi na Wapi

Karibu kila aliyeingia chumbani kwangu mwaka huu ameuliza swali lilelile: "Wewe, maji na umeme wapi na wapi?" Mama kauliza. Washkaji wameuliza. Fundi rejeta wa hapa mjini Musoma aliuliza huku akicheka mpaka akazima tochi yake ya gesi. Siwalaumu. Sisi watu wa kando ya ziwa tumelelewa hivyo: mtoto akigusa swichi na mikono mibichi, anapata kofi kwanza, maelezo baadaye.

Basi ndugu msomaji, wewe niache nikupe maelezo kabla hujanipa kofi.

Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza katuni. Ni hadithi ya dakika nane, imesimuliwa kwa Kijita na bibi yangu aliyeko Bukima, upande wa Majita. Sauti yake tuliirekodi kwa simu chini ya mwembe, majogoo yakiwika humohumo, na tukayaacha. Picha tunatengeneza kwa programu ya Blender, ambayo hutolewa bure kwa yeyote. Kuchora na kupanga ni kazi ya mikono na akili zetu, lakini mwisho wa yote kompyuta yenyewe lazima ikae iipige hesabu kila picha: mwanga unatoka wapi, kivuli kinaangukia wapi, maji ya ziwa yanameremeta vipi. Sisi tunaita kupika.

Sasa tazama hesabu. Sekunde moja ya katuni ni picha 24. Dakika nane ni picha 11,520. Mashine yangu ikiwa na afya njema hupika picha moja kwa dakika nne. Hizo ni saa 768, yaani siku 32, mchana na usiku bila kupumzika. Uzuri ni kwamba kila picha iliyoiva inahifadhiwa peke yake, kwa hiyo umeme ukikatika unapoteza moja tu iliyokuwa jikoni.

Kinachotukimbiza ni macho ya bibi. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limeshaziba. La kushoto bado linaona, lakini anasema watu wanamjia kama wametoka kwenye ukungu. Upasuaji upo, tumemwambia, daktari kamwambia, lakini mzee yule anaogopa kisu kuliko giza. Alichosema ni kimoja tu: hataki kuja kusimuliwa hadithi yake mwenyewe, anataka kuiona. Kila Jumapili anapiga kwa simu ya jirani na kuuliza neno moja: "Imeiva?"

Mashine ninayotumia ni ya mezani. Nimeiunga kipande kwa kipande kwa miaka miwili, vitu vya mtumba kutoka Kariakoo vikija kwa basi, na fedha nyingi ni za mama anayeuza dagaa. Prosesa yake ni ya mwaka 2012, ina viini vinane, na inakula wati 125. Ukitaka kujua wati 125 ni nini, kumbuka zile balbu za zamani za wati 60 ambazo ulikuwa huwezi kuzishika zikiwa zimewaka. Chukua mbili, kisha joto lake lote ulibane mahali padogo kama stempu ya barua. Na prosesa hiyo inakaa chumba cha paa la bati, hakina dari. Saa nane mchana kipimajoto changu kinasoma nyuzi 34.

Prosesa si mjinga. Joto likizidi hujipunguzia kasi yenyewe, na likizidi zaidi hujizima ili isiungue. Feni iliyokuja nayo ilikuwa inalia kama bajaji inayopanda mlima, na bado picha ya dakika nne ikawa ya dakika saba. Fanya hesabu tena: siku 32 zikawa 56. Hapo sijahesabu zile alfajiri niliamka nikakuta kioo cheusi na kazi imesimama tangu jana mchana.

Kompyuta hazikutengenezwa kwa ajili ya chumba kama changu. Kompyuta ya kwanza nchini mwetu, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikatoa amri ya kudhibiti uingizaji wa kompyuta, na Rais wakati huo alikuwa Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama. Kwa hiyo kwa miaka mingi kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi kubwa, na kuipoza lilikuwa jukumu la ofisi. Leo amri ile haipo, mashine imefika mpaka kwetu, lakini kile chumba cha baridi hakikuja nayo. Hilo ni jukumu la mwenye bati.

Na fikra ya kupoza kwa maji haikutoka kichwani mwangu. IBM walikuwa wakipitisha maji kwenye mashine zao kubwa tangu miaka ya 1960. Mwaka 1985 ilitoka Cray-2, ambayo saketi zake zilizamishwa kabisa ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme. Mwaka 2004 Apple waliuza Power Mac G5 yenye kimiminika ndani. Na vijana wa Ulaya na Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, walianza kujiundia wenyewe kwa pampu za matangi ya samaki na hita za magari mabovu. Niliposoma hilo la hita nilisimama. Hita za magari? Mbona hapa zimejaa!

Magari mengi yanayotembea Musoma yametumika Japani kwanza, na Japani kuna baridi. Kwa hiyo yanakuja na hita, rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi. Sasa niambie, nani anawasha hita Musoma? Gari linazeeka, linakufa, linachinjwa, na hita yake bado bikira.

Ndivyo nilivyofika kwa fundi rejeta. "Ya gari gani?" akauliza. Nikamjibu, "Ya kompyuta, mzee." Alicheka weee. "Mura, unataka kuipikia chai?" Lakini nilipomweleza habari za bibi, alinyamaza, akavuta kigoda, akanifundisha jambo ambalo sikulikuta kokote limesemwa vizuri hivyo.

"Maji hayapoozi kitu," akasema. "Maji ni mpagazi tu. Anabeba joto kwenye injini, analitua kwenye rejeta. Anayepoza ni upepo. Ukimnyima upepo, mpagazi atazunguka na mzigo wake kichwani mpaka achemke."

Na mpagazi huyu ana nguvu kweli. Lita moja ya maji ikipanda nyuzi moja hubeba joto ambalo ungehitaji zaidi ya lita 3,000 za hewa kulibeba. Pampu yangu husukuma kama lita mbili kwa dakika. Kwa wati 125, maji yakipita juu ya prosesa hayapandi hata nyuzi moja nzima. Yanapita tu, yanachukua kidogo, yanakwenda, yanarudi.

Fundi alinitolea hita mbili, moja ya alumini, nyingine ya shaba kutoka gari la zamani zaidi. Nilichukua ya shaba, kwa sababu kile kibloku kinachokaa juu ya prosesa, nilichoagiza Dar es Salaam, nacho ni cha shaba. Metali mbili tofauti ndani ya maji mamoja huwa kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Akaichomelea midomo miwili ya kuingizia mipira, akaijaza hewa, akaizamisha kwenye pipa. Haikutoa povu. Kwa elfu ishirini.

Nyumbani niliiosha kwa siki na maji ya moto mara nne, uchafu mwekundu ukitoka. Pampu ni ndogo, ya volti 12. Mshkaji mmoja alinishauri nitumie ya kurushia maji kwenye kioo cha gari, lakini ile imeundwa kufanya kazi kwa sekunde chache, si siku 32. Na maji? Mama alishangaa kuniona nanunua maji ilhali ziwa liko pale. Lakini maji ya ziwa yana chumvichumvi na uhai: yataota ukijani ndani ya mipira na kuacha magamba kwenye shaba. Nilinunua maji ya betri, yale yaliyokenekwa, yasiyo na asidi, nikatia kulanti kidogo.

Kisha jaribio. Unachomoa kila kitu kwenye umeme isipokuwa pampu. Kwenye plagi kubwa ya paua saplai unaunganisha tundu la waya wa kijani na la mweusi kwa kipande cha waya, na pampu inazunguka huku kompyuta yenyewe imelala. Chini ya kila kiungo unatandika karatasi nyeupe ya chooni, kwa sababu inaonyesha hata tone moja. Halafu unangoja saa 24. Saa kumi na moja alfajiri karatasi ya kiungo cha tatu ilikuwa na doa kama sarafu. Nikakaza klipu, nikabadili karatasi, nikaanza kuhesabu upya. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake, haulizi kitu. Zile fedha ni za misimu miwili ya dagaa. Saa 24 zilipotimia karatasi zote zilikuwa kavu, naye ndiye aliyeniambia, "Haya, washa."

Niliwasha. Feni kubwa mbili zinazunguka polepole, husikii kitu. Lakini mchana kasi ikashuka tena, na hapo nikamkumbuka fundi. Rejeta ilikuwa chumbani. Joto nililolitoa kwenye prosesa nililimwaga katika hewa ileile ya nyuzi 34 ninayoivuta mimi.

Mshkaji akasema, "Tia barafu, mwanangu." Hapana. Kitu kikiwa baridi sana kuliko hewa kinatoa jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo litadondoka juu ya saketi. Mwingine akauliza mbona maji ya mtungi wa bibi ni baridi kuliko hewa ya nyumba yake bila barafu wala umeme. Swali zuri. Mtungi unavuja jasho kupitia udongo wake, na jasho likikauka linaondoka na joto. Shaba haitoki jasho. Rejeta yangu haiwezi kushuka chini ya hewa iliyoizunguka, hata nyuzi moja. Kwa hiyo dawa ilikuwa kuibadilishia hewa.

Nilitoboa fremu ya dirisha, nikapitisha mipira, nikaitundika rejeta nje, ukutani, penye kivuli, upande unaotazama ziwa. Mchana upepo unatoka ziwani, na ni wa bure. Nimeifunika kwa kipande cha chandarua, maana wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi wangeiziba kwa usiku mmoja. Tangu hapo prosesa haijavuka nyuzi 52, na picha ni dakika nne, mchana kama usiku.

Wapo wanaosema kijana wa huku akitaka kazi kama hizi ahamie Mwanza au Dar, kwenye ofisi zenye kiyoyozi. Huenda wana sababu zao. Mimi nasema tu kwamba kila nilichohitaji, ukiacha kibloku, pampu na feni, kilikuwa Musoma tayari, kimelala kwenye gereji na kwenye kichwa cha mzee mwenye tochi ya gesi. Andikeni, chezeni, undeni. Lakini kwanza mkaulize mafundi.

Leo asubuhi ilikuwa inapikwa picha ya 7,300. Zimebaki 4,220, siku kumi na mbili kasoro kidogo. Jumapili bibi alipiga, nikamweleza hivyo. Akasema sawa, yeye mchana siku hizi analifumba lile la kushoto, ili asilitumie bure.