Mwendo wa Punda wa Voi

Voi ya utotoni mwangu ilikwenda kwa hatua za punda. Asubuhi walitoka Sofia na Kaloleni kufuata maji, mitungi mgongoni, kwato zikigonga moja baada ya nyingine, nne kwa zamu. Nyanya, akiwa ndani jikoni, alijua kwa mlio huo kama punda anayepita amebeba au anarudi mtupu. Punda asiyefukuzwa hutembea hivyo kutwa: mgongo umetulia, kichwa kikishuka na kupanda kidogo tu.

Farasi hatukuwa nao. Mbung'o ni adui yao wa siku nyingi. Mwaka 1916 askari wapanda farasi wa Jenerali Van Deventer walipita upande wa Taveta wakiwafukuza Wajerumani, na kadiri walivyosonga kusini ndivyo farasi walivyokufa, kwa maelfu.

Kwa hiyo farasi wangu wa kwanza nilimwona Mombasa, kwenye maonyesho ya kilimo ya Mkomani. Alipita uwanjani akikunja magoti juu, kila hatua kama inaning'inia kabla ya kushuka, na watu wakashangilia. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa nilichokiona. Hatua ile dume la farasi huipiga lenyewe likiona majike: kujigamba kwa muda mfupi, kisha basi. Binadamu ameuchukua muda huo mfupi akaufanya kazi. Wako mafundi wanaomfundisha farasi taratibu, miaka kwa miaka, mpaka misuli yake iweze kuihimili, na hao nawaheshimu. Lakini kuna farasi wa Tennessee, Marekani, anayezaliwa na mwendo laini ajabu, usiomrusha aliyempanda. Kwa ajili ya mashindano walimvisha viatu vizito na minyororo, na wengine wakampaka dawa za kuunguza juu ya kwato, ili maumivu yamfanye arushe miguu juu zaidi. Sheria ya kuzuia ukatili huo ilipitishwa mwaka 1970. Haukuisha.

Kwetu hakuna mashindano, ila mwendo wa punda umebadilika vilevile. Mzigo ulihama mgongoni ukaingia mkokotenini, barabara ikawa lami, na kijana anayeuza maji hulipwa kwa mtungi. Akichelewa, pikipiki inamchukulia mteja. Basi punda anakwenda matiti tangu asubuhi, miguu miwili miwili ya mshazari, kila pigo la lami likipanda mpaka begani. Matiti ni yake pia. Huyakimbia kwa hiari akimwona mwenzake mbali, au akistuliwa na harufu ya fisi, halafu anarudi kwenye hatua zake. Hakuumbwa ayakimbie mchana kutwa akivuta mzigo.

Vijana wa mikokoteni nikikutana nao huwaambia: mkanda wa kifuani uwe mpana, mlimani apumzike, na akiwa na mzigo mwacheni atembee, hata kama safari zitapungua. Akirudi mtupu akataka mwenyewe kukimbia, akimbie.