Mpishi wa nyumba hii

Mwanangu wa pili alianguka kifafa mara ya kwanza akiwa darasa la nne, asubuhi, akinawa uso aende shule. Bibi yake alisema ni mambo ya ukoo. Jirani akanionya nisimguse akitoa povu, nitaambukizwa. Nilimgusa. Ni mwanangu.

Huku kwetu Mbulu, kama kwa wenzetu wa Hanang, nguruwe ndiye ada ya shule. Mazao yakiwa shambani tunamfunga. Tukishavuna tunamfungulia ajitafutie. Na kwenye kaya zisizo na choo, wazazi wenzangu mnajua anachokitafuta vichakani.

Mchuuzi akija, kwanza nguruwe analazwa chini, anawekewa mti mdomoni, ulimi unavutwa na kupapaswa. Akigusa vijivimbe, anashusha bei au anaondoka. Miaka miwili kabla ya mtoto kuugua, mchuuzi aliondoka. Baba watoto akasema nguruwe hawezi kupotea bure, tukamchinja nyumbani bila bwana mifugo kukagua nyama. Vipunje vyeupe kama mchele niliviona mwenyewe nikikata. Nikatoa vile vikubwa. Nyingine tukachoma, nje imekauka, ndani bado damu.

Kwa hiyo picha ya kichwa ilipoonyesha vifuko vya mnyoo kwenye ubongo wa mtoto, nikalia: ni ile nyama! Daktari akasema njia yake ni ndefu kidogo, akanichorea nyuma ya bahasha. Ukila nyama yenye vipunje isiyoiva, unapata tegu tumboni. Tegu anataga mayai, yanatoka na kinyesi chako. Nguruwe akila kinyesi hicho, anaota vipunje. Na mtu akimeza mayai hayo, kwa mkono usionawa au mboga mbichi au maji, naye huota vifuko kama nguruwe, hata kichwani. Ndiyo maana hata asiyeonja kitimoto maisha yake yote anaweza kupata kifafa hiki.

Basi mayai aliyameza kutoka kwa nani? Tulipimwa choo nyumba nzima. Mwenye tegu nilikuwa mimi. Mimi ninayekanda unga, ninayemenya, ninayewalisha.

Hatuko peke yetu. Watafiti waliwahi kushika ndimi za nguruwe 770 katika vijiji 21 vya Mbulu, wakakuta vijivimbe kwa asilimia 17.4, na mkono hauwagundui wote. Haydom, kati ya watu 212 wenye kifafa waliopigwa picha ya kichwa, 38 walionekana kuwa na vifuko hivyo. Nilipozisikia hesabu hizi sikufarijika sana.

Nilipewa dawa, tegu akatoka. (Mwenye kifafa asijinunulie dawa hiyo dukani, vifuko vikifa ghafla kichwani vinaweza kumwangusha vibaya zaidi. Aanze kwa daktari.) Baba watoto alichimba choo mwenyewe bila kusema neno, akajenga na banda. Mama mkwe nilimficha miezi mitatu. Nilipomwambia, alinyamaza, kisha akaomba naye apimwe.

Mtoto yuko kidato cha kwanza, anameza vidonge asubuhi na jioni. Mwaka huu ameanguka mara moja tu. Hajaniuliza mayai yalitoka kwa nani. Mwezi uliopita mchuuzi alishika ulimi wa nguruwe wetu wa bandani, akarudia tena, hakukuta kitu. Alilipa bei kamili, nikanunua sare.