Wavulana wa Free Area na Michezo Yao

Msafiri atokaye Nairobi kwa motokaa kwenda Nakuru huteremka ukingo wa Bonde la Ufa, akapita Naivasha na Gilgil, na mwishowe hufika Lanet, penye kambi ya jeshi. Mbele kidogo, kabla ya kuingia mjini, ndipo mtaa wa Free Area. Upande wa kaskazini umesimama mlima Menengai, ambao kilele chake kilibomoka zamani kwa nguvu za moto wa chini ya ardhi, kikaacha shimo lenye upana wa kilomita 12 hivi. Upande wa kusini, bondeni, liko ziwa la Nakuru, lililojulikana ulimwenguni kote kwa ajili ya ndege wake wekundu, heroe.

Wakazi wa Free Area ni watu wa makabila mengi. Wazee wao walivutwa Nakuru na reli, na mashamba ya walowezi, na kazi za mjini. Wengine walikuja baadaye kutafuta kiwanja cha kujenga. Kwa hiyo mvulana wa hapa hukua akisikia Kikuyu nyumba hii, Kijaluo nyumba ya pili, Kikalenjin, Kiluhya na Kikisii ng'ambo ya njia. Naye akitoka nje kucheza, husema Kiswahili.

Si mbali na mtaa huo kuna kilima kiitwacho Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi. Katika miaka ya 1937 na 1938 Bibi Mary Leakey alichimba hapo, akafukua makaburi na masalio ya vijiji vya watu wa kale, na tangu mwaka 1965 mahali hapo pamekuwa wazi kwa watu wote kwenda kutazama. Wanafunzi wapelekwao huko hutazama mawe na vigae kwa adabu, kama walivyoagizwa na mwalimu. Lakini kitu kiwachangamshacho zaidi ni vishimo vilivyochongwa katika mwamba, safu kwa safu, kwa kuchezea bao. Papo hapo ubishi huanza. Mmoja husema, "Hii ni giuthi ya Wakikuyu." Wa pili husema, "La, ni ajua ya Waluo." Naye aliyekulia karibu na Wamaasai husema kwamba kwao mchezo huo huitwa enkeshui. Kisha huokota kokoto, na kabla mwalimu hajawaita, wamekwisha kuanza kucheza. Ndipo hutambua ya kuwa, ingawa majina ni mbalimbali na kanuni hutofautiana kidogo, mchezo ni jamaa mmoja.

Vijana wa zamani katika bonde hili hawakupata nafasi ya kucheza pamoja hivyo. Wakati wa ukoloni nchi hii ilikuwa sehemu ya mashamba ya Wazungu, na elimu ilitengwa kwa rangi. Watoto wa Kizungu walikuwa na shule zao, kama ile ya Pembroke House iliyofunguliwa Gilgil mwaka 1927. Wahindi walikuwa na zao. Na watoto wa Kiafrika, ambao baba zao walikuwa vibarua mashambani, walisoma katika vishule vya shambani walipovipata. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, tume iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilishauri kwamba elimu iwe moja kwa watoto wote. Tangu hapo mtoto wa karani na mtoto wa mkulima wa viazi kutoka Molo wameweza kukaa dawati moja.

Atakaye kuwafahamu wavulana hao asiwatazame darasani tu, kwa maana darasani wote wamevaa sare moja na wote wamenyamaza. Na awatazame saa kumi jioni, masomo yakiisha. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na tabia ni vivyo hivyo.

Kwanza yuko nahodha wa kandanda. Aghalabu si mchezaji aliye hodari kupita wote, bali ni yule ambaye wenziwe humsikiliza pasipo yeye kupiga kelele. Golikipa ni mtu wa namna ya peke yake: husimama mbali na wenziwe, hulaumiwa kwa kosa moja, na mema yake kumi husahauliwa upesi. Mkimbiaji hasemi sana. Huamka kungali giza akazunguka uwanja, na miguu yake huwa na vumbi hilo ambalo husemwa kwamba ndilo lililoupa mji jina lake kwa lugha ya Wamaasai.

Chini ya mti utawaona wacheza drafti, na ubao wao ni kipande cha katoni na kete zao ni vizibo vya soda. Hapo bingwa huwa kijana mdogo wa mwili, ambaye uwanjani hakuna amtakaye katika timu yake. Lakini akisha kuketi mbele ya ubao, wakubwa humwamkia. Kando yao yuko mcheshi, awezaye kuiga sauti ya kila mwalimu. Huyu akipata mwongozi mwema hufika mbali katika michezo ya kuigiza, na akikosa, hufika mbele ya mwalimu mkuu. Yuko na mpenda wanyama, mwanachama wa Wildlife Clubs of Kenya, chama kilichoanzishwa na wanafunzi wa nchi hii katika miaka ya 1960. Yeye hujua majina ya ndege wa ziwani, na aweza kueleza kwa nini heroe walipungua pale ziwa lilipofurika katika miaka ya 2010: maji yalizidi, chumvi ikapungua, na chakula chao kikapungua pia.

Lakini michezo hii si ya kupoteza wakati tu. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulileta msiba. Katika siku za mwisho za Januari 2008 fujo zilifika mjini Nakuru. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na maelfu wakakimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo na uwanja wa Afraha, pale pale ambapo vijana walizoea kwenda kushangilia mpira. Katika nchi nzima walikufa watu zaidi ya 1,100. Watoto wengi walihamishwa kwenda kusoma mahali pengine, na timu nyingi zikavunjika pasipo kufungwa na mtu.

Siku zile mtu aliulizwa kabila lake kabla ya kuulizwa hali yake. Sasa mvulana aliyecheza na mwenziwe miaka minne humjua kwa habari nyingine: kwamba ni mwepisi wa hasira lakini hana kinyongo; kwamba hugawa mkate wake; kwamba akishindwa drafti hutaka mchezo wa pili. Mtu umjuaye hivyo ni vigumu kuambiwa kwamba ni adui, nawe ukaamini. Michezo haiwezi kuzuia peke yake ubaya wa wakubwa, wala haigawi ardhi kwa haki. Hata hivyo, humpa kijana rafiki ambaye ataona haya kumtenda mabaya.

Wazazi wengi wa Free Area, kama wazazi wa pengine, mtoto arudipo likizo humwuliza jambo moja tu: alipata alama ngapi? Ni swali jema, kwa kuwa karo hulipwa kwa jasho. Lakini lafaa liongezwe la pili: hucheza na nani, na rafiki huyo ni mtu wa namna gani? Mtoto akiweza kujibu kwa kueleza tabia ya mwenziwe, bila kutaja kabila lake, mzazi na ajue kwamba karo yake haikupotea.