Daktari Ameuliza Nini?



Katika nyumba zetu nyingi hapa Uingereza watoto ndio wakalimani. Barua ya shule, simu ya ofisi ya nyumba, maneno ya daktari, yote hupita vinywani mwao kabla ya kutufikia sisi wakubwa. Kwa hiyo tumeona vyema kueleza jinsi swali linavyobadilika likisimuliwa na mtu mwingine.

Katika Kiswahili mabadiliko ni machache. Daktari akiuliza, "Unaumwa wapi?", twasema, "Daktari aliniuliza ninaumwa wapi." Nafsi hugeuka, wakati hubaki palepale. Kiingereza kina taratibu zake. "Where do you live?" huwa "She asked me where I lived." Kijineno "do" kimeondoka, mtendaji amekitangulia kitenzi kama katika sentensi ya kawaida, kitenzi kimerudi katika wakati uliopita, na alama ya kuuliza imetoweka. Swali la kujibiwa ndiyo au la hudai "if" au "whether", ambayo ni "kama" yetu: "Are you working?" huwa "He asked if I was working."

Hapo ndipo penye mtego. Siku moja tulimpeleka bibi yetu hospitali. Muuguzi alitoka chumbani akasema, "The doctor asked if she was in pain." Kijana wetu akafasiri neno kwa neno: "Bibi, daktari ameuliza kama ulikuwa unaumwa." Bibi, mkono ubavuni, akajibu kwa adabu, "Mwambie jana sikuumwa, alhamdulillahi." Mama yake kijana akamwahi: "Bibi, anauliza kama unaumwa sasa hivi." Hapo bibi akaeleza maumivu yake yote.

Ile "was" haikuwa habari ya jana. Ilifuata tu "asked" iliyotangulia. Basi tuwafunze watoto wetu njia zote mbili. Wakifasiri kuja Kiswahili, waurudishe wakati aliokusudia muulizaji. Wakiandika Kiingereza, wasiseme "She asked me where do I live", kwani katika mtihani hilo huhesabiwa kosa.

Wahenga walinena kuwa mjumbe hauawi. Nasi twaongeza kwamba mjumbe hufunzwa, hasa akiwa na umri wa miaka kumi na amebeba maneno ya daktari.